Nyumba za zamani Iramba: Jinsi ya kutambua mabomba yaliyofichika kabla ya kubomoa ukuta

Na Mwandishi Wetu, Iramba

MSIMU wa kiangazi ndio msimu wa ukarabati wa nyumba katika Kata ya Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida. Mvua zikishakatika na alizeti ikishavunwa na kuuzwa, wenye nyumba hupata nafasi na fedha za kuziba nyufa, kupiga lipu upya, kujenga choo cha ndani au kuvuta maji kutoka bomba la uani hadi jikoni. Huo pia ndio msimu ambao tindo ya fundi hutoboa bomba ambalo hakuna aliyejua kuwa limepita hapo.

Kinachofuata kinafahamika. Maji hufurika chumbani, watu hukimbia huku na huko kutafuta koki ya kufunga, na mwishowe hubainika kuwa koki hiyo ilifunikwa na zege la baraza miaka mingi iliyopita, au iko nyuma ya kabati la jikoni, au haikuwahi kuwekwa kabisa. Wakati huo maji yaliyosukumwa kutoka kisimani kwa gharama kubwa yanamwagika sakafuni.

Singida ni miongoni mwa mikoa yenye ukame katika kanda ya kati. Hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, zenye wastani wa takribani milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na wananchi wake wengi hutegemea maji ya ardhini. Katika mazingira hayo, kujua bomba limepita wapi na koki yake iko wapi si kazi ya fundi peke yake. Ni wajibu wa kila mwenye nyumba, na unapaswa kutekelezwa kabla ya siku ya dharura.

Makala haya yanaeleza kwa nini miundombinu ya maji hufichika katika nyumba za zamani, hatua za kuitambua bila kubomoa ovyo, na mambo ambayo mwananchi hapaswi kuyajaribu mwenyewe.

Nyumba ilijengwa kwanza, maji yakafuata

Sababu kubwa ya mabomba kufichika ni historia ya huduma yenyewe. Mwaka 1971 Serikali ilianza programu ya miaka 20 ya maji vijijini, iliyolenga kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka makazi yake ifikapo mwaka 1991. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliendeleza kipimo hicho cha mita 400, pamoja na lita 25 za maji kwa mtu mmoja kwa siku na kituo kimoja cha kuchotea maji kwa kila watu 250. Mkazo ulikuwa katika vituo vya jamii. Nyumba nyingi za vijijini zilijengwa bila mawazo ya kuwa siku moja maji yangeingia ndani.

Maji yalipofika, yaliingia kwa awamu. Fundi wa kwanza aliweka bomba moja uani. Miaka kadhaa baadaye fundi mwingine aliunganisha jikoni. Wa tatu akaleta tangi la plastiki, ambalo wengi hulifahamu kwa jina la simtanki, akalipandisha juu ya mnara na kushusha bomba bafuni. Kila mmoja alifukia kazi yake, akapiga lipu na kuondoka. Hakuna aliyeacha mchoro.

Hali ni tofauti kidogo katika nyumba za zamani za watumishi wa umma na zile zilizojengwa na taasisi za dini. Hizo mara nyingi zilifungwa mabomba tangu ujenzi, na mabomba yenyewe ni ya chuma kilichopakwa zinki, yaliyolazwa chini ya sakafu na ndani ya kuta. Bomba la aina hiyo huliwa na kutu kutoka ndani, hivyo huweza kuonekana zima kwa nje ilhali limebaki jembamba kama bati.

Jambo jingine la kuzingatia ni kuongezeka kwa msukumo wa maji. Tangi likiinuliwa mita 10 zaidi, msukumo katika bomba la chini huongezeka kwa takribani baa 1. Nyumba iliyozoea maji ya kuchuruzika ikiunganishwa na mradi mpya wenye tangi lililo juu ya kilima, bomba kuukuu lililovumilia kwa miaka mingi huweza kuanza kuvuja ndani ya wiki chache. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayeunganishiwa huduma mpya anashauriwa kukagua mabomba ya zamani ya nyumba yake kwanza.

Hatua ya kwanza: Kuuliza

Kabla ya kushika kifaa chochote, mwenye nyumba anashauriwa kutafuta watu wanaokumbuka. Hao ni mafundi waliowahi kufanya kazi hapo, mpangaji wa zamani, jirani aliyeshuhudia mtaro ukichimbwa, au mzee wa familia aliyelipia kazi hiyo. Katika kijiji, fundi aliyefunga mabomba miaka 20 iliyopita mara nyingi bado anafahamika, na maelezo yake ya dakika kumi huweza kuokoa ukuta mzima.

Kwa majengo ya umma, mahali pa kuulizia ni ofisi za halmashauri ya wilaya, ambayo kwa Iramba makao makuu yake yapo Kiomboi. Iwapo michoro ya jengo ilihifadhiwa, itaonesha vyumba vya maji na mwelekeo wa maji taka. Hata hivyo, mchoro huonesha kilichokusudiwa. Kilichojengwa huweza kutofautiana nacho, kwa hiyo mchoro hauondoi haja ya ukaguzi.

Picha za zamani pia husaidia. Picha ya harusi au ya msiba iliyopigwa uani huweza kuonesha bomba lililosimama mahali ambapo leo kuna ukuta au chumba cha nyongeza.

Hatua ya pili: Kuanzia kwenye dira

Maji yana mwanzo na mwisho, na njia rahisi ya kuyatafuta ni kuyafuata yanakotoka. Katika nyumba iliyounganishwa na mtandao wa huduma, mwanzo ni dira ya maji. Katika nyumba inayotegemea tangi lake, mwanzo ni tundu la kutolea maji chini ya tangi.

Mwananchi asimame kwenye dira, atazame bomba linaelekea upande gani, kisha atembee kwa mstari ulionyooka hadi kwenye ukuta wa nyumba. Mafundi wengi huchimba mtaro mfupi iwezekanavyo, hivyo bomba la kuingia nyumbani kwa kawaida hufuata njia ya karibu kutoka kwenye dira hadi jikoni au bafuni. Panapokuwa na mti mkubwa, kaburi, au msingi wa jengo lililobomolewa, mtaro huzunguka.

Dira hiyo hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha uvujaji. Bomba zote za nyumba zifungwe, ikiwamo ya uani. Choo cha kuvuta maji kiachwe kijae, na tangi la juu lijae hadi boya lake lifunge. Kisha namba za dira ziandikwe. Baada ya saa moja, bila mtu yeyote kutumia maji, namba zisomwe tena. Dira ikiwa imesogea, maji yanapotea mahali fulani.

Hesabu yake ni nyepesi. Dira ikisogea kwa lita 10 katika saa moja, upotevu ni lita 240 kwa siku, sawa na ndoo 12 za lita 20. Kwa siku 30 ni lita 7,200, yaani uniti 7 na zaidi ambazo mwenye nyumba atalipia bila kuzitumia. Kwa kipimo cha sera cha lita 25 kwa mtu, maji hayo ya siku moja yangetosha watu tisa. Hata koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takribani lita 20 kwa siku, kiasi kinachokaribia mgawo wa mtu mmoja.

Nyumba isiyo na dira huweza kutumia tangi. Tangi lijazwe jioni, bomba la kuliingizia maji lifungwe, usawa wa maji uwekewe alama, na alama ikaguliwe alfajiri kabla ya mtu yeyote kuchota.

Koki kuu: Kifaa cha kwanza kutafutwa

Katika vifaa vyote vilivyofichika, koki kuu ndiyo inayopaswa kutafutwa kwanza, kwa sababu ndiyo itakayohitajika bomba litakapopasuka. Mara nyingi hupatikana katika moja ya sehemu nne: pembeni mwa dira, ndani ya kisanduku kidogo cha matofali kilichojaa mchanga, chini ya ukuta wa nje, mahali bomba linapoingia ndani, chini ya sinki la jikoni, au kwenye bomba linaloshuka kutoka tangini.

Ikiwa haionekani, udongo wa pembeni mwa dira uondolewe taratibu kwa mkono au kwa koleo dogo. Sururu isitumike, kwa kuwa pigo moja hutosha kukata bomba la plastiki. Panapokuwa na zege la baraza lililomwagwa baadaye, sehemu yenye kiraka, ufa wa mviringo au rangi tofauti huweza kuwa ndipo kilipo kisanduku.

Koki ya zamani ikipatikana, isilazimishwe. Maji ya visima katika maeneo mengi ya kanda ya kati yana madini mengi, na madini hayo hujenga gamba jeupe ndani ya koki kama linavyoonekana ndani ya birika la chai. Koki iliyokaa miaka bila kuguswa huganda, na mkono wake hukatika kwa nguvu kidogo tu. Inashauriwa kuipaka mafuta, kusubiri, kisha kuizungusha robo mzunguko mbele na nyuma hadi ilegee. Ikikataa, ibadilishwe na fundi siku ambayo maji ya mtandao yamefungwa kwa utaratibu wa mtoa huduma.

Koki ikifanya kazi, hutoa taarifa nyingine muhimu. Ikifungwa na dira ikasimama, uvujaji uko baada ya koki, yaani upande wa nyumba. Ikifungwa na dira ikaendelea kuzunguka, uvujaji uko kati ya dira na koki. Kwa namna hiyo eneo la kutafuta hupungua kabla hata tofali moja halijaguswa.

Kufuata bomba ndani ya ukuta

Ndani ya nyumba, bomba huwa na tabia zinazotabirika. Bomba linaloishia kwenye koki ya ukutani kwa kawaida hupanda wima kutoka sakafuni au hushuka wima kutoka darini. Kwa hiyo sehemu iliyo juu na chini ya kila koki, kwa upana wa kiganja kila upande, ihesabiwe kuwa ina bomba hadi ithibitike vinginevyo. Jiko na bafu vilivyopakana ukuta mmoja mara nyingi hutumia bomba moja lililopita katika ukuta huo.

Ili kujua kama maji yanatoka chini au juu, tangi la juu lifungwe kwa muda. Koki ambazo zinaendelea kutoa maji zimeunganishwa moja kwa moja na mtandao. Zile zilizokauka hulishwa na tangi, na bomba lake litafutwe darini kwanza, ambako huonekana bila kubomoa kitu.

Kusikiliza ni njia ya kale ambayo bado inafaa. Usiku nyumba ikiwa imetulia, fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu au kipande cha nondo kwenye koki au ukutani, na mwisho wa pili huuweka karibu na sikio. Maji yanayovuja kwa msukumo hutoa mlio mwembamba usiokatika, na mlio huo huongezeka kadiri anavyokaribia mahali penyewe.

Kwa bomba la chuma, sumaku yenye nguvu, hata ile inayotolewa kwenye spika ya redio iliyoharibika, ikifungwa uzi na kupitishwa taratibu ukutani huvutwa bomba likiwa karibu na uso wa lipu. Tahadhari ni kwamba sumaku huvutwa pia na misumari na nondo. Alama moja peke yake haitoshi. Alama tatu au nne zilizopangana kwa mstari ndizo zinazoashiria bomba. Bomba la plastiki halivutwi na sumaku, hivyo kwa hilo mafundi hutegemea kusikiliza, kufuata unyevu na kukagua ncha zote mbili.

Unyevu nao husomwa kwa uangalifu. Doa la unyevu si lazima liwe mahali pa uvujaji, kwa kuwa maji hushuka na kusambaa kabla ya kujitokeza. Rangi iliyobanduka, unga mweupe wa chumvi juu ya lipu, au mchwa na sisimizi wanaorudi mahali pamoja wakati wa kiangazi ni dalili za kuanzia. Uchunguzi uanze juu ya doa na kushuka.

Kabla ya kutoboa, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Katika nyumba nyingi nyaya za umeme zilipita ukuta uleule wa mabomba. Aidha, katika baadhi ya nyumba za zamani waya wa kupeleka umeme ardhini, ambao mafundi huuita erthi, ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Bomba hilo likikatwa na kuwekwa la plastiki, nyumba hubaki bila kinga hiyo pasipo mtu kujua. Panapoonekana waya uliofungwa kwenye bomba, kazi isimame hadi fundi umeme mwenye sifa aukague.

Hatari ya pekee kwa kuta za udongo

Katika vijiji vya Iramba, kama ilivyo katika maeneo mengi ya Singida na Dodoma, zipo nyumba zenye kuta za udongo au matofali mabichi, zikiwamo za tembe na zile zilizopigwa lipu ya saruji baadaye. Kwa nyumba hizo bomba lililofichwa ukutani ni hatari kwa maisha.

Tofali la kuchoma likilowa hubaki tofali. Udongo mkavu hubeba paa kwa miaka mingi, lakini ukilowa hupoteza nguvu na kurudi kuwa tope. Lipu ya saruji kwa nje huficha mabadiliko hayo, kwa kuwa huzuia unyevu usionekane na usikauke. Ukuta huweza kuonekana imara hadi siku unapotitia.

Dalili za kuangalia ni lipu iliyovimba au inayotoa sauti ya uwazi ikigongwa, ufa mpya ulio wima karibu na bomba, mlango ulioanza kukwama, na sehemu ya chini ya ukuta kuwa laini ikibonyezwa. Dalili hizo zikionekana, maji yafungwe, watu wasilale katika chumba hicho, na ukuta ukaguliwe na fundi mjenzi kabla ya fundi bomba kuanza kazi. Kwa ujenzi mpya, bomba lisichimbiwe ndani ya ukuta wa udongo. Lifungwe kwa vibanio juu ya ukuta, ambapo tone la kwanza litaonekana.

Maji taka: Chemba na shimo lisilojulikana lilipo

Upande wa pili wa miundombinu iliyofichika ni wa maji taka, nao ndio wenye ajali mbaya zaidi. Nyumba yenye choo cha kuvuta maji ina bomba la kutoa maji taka, chemba moja au zaidi za ukaguzi, na shimo la kuhifadhi. Mara nyingi vifuniko vyake vimefukiwa na udongo, na wakazi wa sasa hawajui vilipo.

Utafutaji huanzia chooni. Mwelekeo wa bomba linalotoka nje ya ukuta huonesha njia. Chemba za ukaguzi hujengwa bomba linapokunja kona au linapokutana na jingine. Maji yaliyotiwa rangi ya chakula yakimwagwa chooni na kuonekana katika chemba iliyo wazi, uhusiano wa choo na chemba hiyo huthibitika. Mpira mrefu ukiingizwa katika bomba hadi ukagota, kisha ukatolewa na kupimwa juu ya ardhi kwa mwelekeo uleule, hukadiria umbali wa shimo au wa sehemu iliyoziba.

Kiangazi cha Singida chenyewe ni msaada. Ardhi yote ikiwa imekauka, kipande cha uwanja chenye majani mabichi huonesha ama bomba linalovuja ama shimo la maji taka. Harufu, nzi wengi na udongo uliotitia huongeza uhakika. Bomba la hewa lililosimama uani nalo huashiria shimo lililo karibu.

Eneo likishatambuliwa, lizungushiwe alama na watoto na mifugo wazuiwe. Vifuniko vya zamani vya mbao au zege jembamba huoza na kuvunjika chini ya uzito wa mtu. Mtu asisimame juu ya shimo analolitafuta. Asogee kutoka pembeni, akigonga ardhi mbele yake kwa fimbo ndefu.

Ndani ya shimo la maji taka kuna hewa yenye sumu na upungufu wa oksijeni, pamoja na hewa inayowaka. Mtu akiingia huweza kupoteza fahamu baada ya kuvuta pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa hupatwa na hali hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo asiingie mtu yeyote, hata kwa dakika moja, hata kama kilichodondoka ni simu au ndoo. Kiberiti, sigara na taa ya moto visikaribishwe. Ajali ikitokea, msaada uombwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, na watu wabaki nje ya shimo.

Bomba linalovuja huweza pia kuvuta uchafu

Wananchi wengi huhesabu uvujaji kama hasara ya fedha tu. Athari yake kwa afya ni kubwa zaidi. Maji yakiwa na msukumo, hutoka nje kupitia tundu. Maji yakikatika kwa sababu ya mgao au hitilafu ya pampu, bomba hubaki tupu na tundu hilo hilo huvuta ndani maji machafu yaliyolizunguka. Huduma ikirejea, uchafu huo hufika katika ndoo ya kunywa.

Hatari huwa kubwa pale bomba la maji safi na la maji taka yanapopita katika mtaro mmoja, jambo linalotokea katika nyumba zilizofungwa mabomba kwa awamu. Kutambua njia ya kila bomba huwezesha kuyatenganisha, na hivyo kuikinga familia dhidi ya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara. Maji yanayotoka na tope au harufu baada ya mgao yasinywewe hadi chanzo kijulikane.

Wajibu wa mwananchi na wa mtoa huduma

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanza kazi Julai 1, 2019. Chini ya usimamizi wake, huduma katika vijiji huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyofahamika kwa kifupi kama CBWSO. Katika miji, huduma hutolewa na mamlaka za maji chini ya udhibiti wa EWURA.

Kwa utaratibu wa huduma, miundombinu hadi kwenye dira, pamoja na dira yenyewe, ni ya mtoa huduma. Kuanzia baada ya dira ni ya mteja. Hii ina maana mbili. Kwanza, uvujaji ulio kabla ya dira unapaswa kutolewa taarifa mara moja, na mwananchi asijaribu kuuziba mwenyewe. Pili, maji yanayopotea baada ya dira yatasomwa katika ankara ya mwenye nyumba. Kuchezea dira, kuihamisha au kujiunganishia maji bila idhini ni kosa kwa mujibu wa sheria, hata kama nia ni kutafuta bomba lililopotea.

Kwa kazi ya ndani, wananchi wanashauriwa kutumia mafundi bomba waliopata mafunzo au ambao ujuzi wao umetambuliwa kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ambayo ina chuo mkoani Singida. Mabomba na koki mpya zinunuliwe zikiwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na risiti itunzwe.

Mchoro mmoja ukutani

Kazi yote iliyoelezwa hapo juu haipaswi kurudiwa na kizazi kijacho. Mwenye nyumba akishatambua njia za mabomba, achore ramani ya nyumba katika karatasi moja. Haihitaji utaalamu. Yatosha kuonesha kuta, dira, koki kuu, koki za matawi, mstari wa kila bomba, chemba na shimo la maji taka, pamoja na vipimo kwa hatua au mita kutoka kona ya nyumba isiyobadilika. Tarehe na jina la fundi viandikwe pia.

Nakala moja ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba, na nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Mtaro ukiwa bado wazi, upigwe picha kwa simu kabla ya kufukiwa, huku kitu kinachotambulika kama mlango au dirisha kikionekana. Kila mtu mzima wa nyumba, na watoto waliofikia umri wa kuelewa, waoneshwe koki kuu na kufundishwa kuifunga. Koki hiyo izungushwe angalau mara mbili kwa mwaka ili isigande, kwa mfano mwanzoni mwa mvua na baada ya mavuno.

Mpangaji anayehama amkabidhi mwenzake mchoro huo pamoja na funguo. Kwa nyumba za shule na zahanati, ambako watumishi huhamishwa mara kwa mara, msimamizi wa jengo ahakikishe mchoro unabaki ofisini, ili mtumishi mpya aijue koki kuu siku anayofika.